Nafasi ya kwanza kwenye simu yako ina bei

Mimi ni wakili wa sheria za ushindani wa kibiashara hapa Tanga. Vijana wanaounda programu za simu huniuliza Google ilikosa nini huko Marekani, ilhali imewashinda wenzake kwa ubora. Ubora huo haukuwa na ubishi mahakamani. Jaji Amit Mehta mwenyewe aliukiri. Hata hivyo, tarehe 5 Agosti 2024 aliamua kuwa kampuni hiyo inahodhi soko la utafutaji wa habari mtandaoni na imevunja Sheria ya Sherman, sheria ya Marekani dhidi ya ukiritimba iliyotungwa mwaka 1890.

Ingia duka la simu pale Ngamiani, nunua Android, iwashe. Kisanduku cha Google kimeshakaa mbele, na hakuna aliyekuuliza kama unakitaka. Kukibadilisha inawezekana, lakini ni wangapi wanaoingia kwenye mipangilio kufanya hivyo? Watu hubaki na walichokikuta. Google inalijua hilo vizuri, ndiyo maana mwaka 2021 ilitumia dola bilioni 26.3 kulipia nafasi hiyo kwa watengenezaji wa simu, mitandao ya simu na wenye vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti. Mwaka 2022 Apple peke yake ilipokea dola bilioni 20.

Hao Apple ndio kiini cha kesi, kwa maoni yangu. Google na Apple ni mahasimu kwenye soko la simu, na Apple ina fedha na wahandisi wa kuunda injini yake ya kutafutia ikiamua. Lakini anayelipwa mabilioni kwa kukaa kimya aingie vitani kwa ajili gani? Malipo yale yalimtuliza mpinzani mwenye uwezo. Mdogo naye alifungiwa kwa njia nyingine: injini hujifunza kutokana na maswali ya watumiaji, na asiyepata maswali haboreki. Mahakama ilikuta kwamba mwaka 2020 karibu asilimia 90 ya utafutaji wote Marekani ulipita Google, na kwenye simu karibu asilimia 95.

Serikali ya Marekani, iliyofungua kesi hiyo, ilitaka Chrome, kivinjari cha Google, iuzwe. Septemba 2025 jaji akakataa. Alipiga marufuku mikataba ya kipekee, yaani inayowafungia nje washindani, na kuagiza baadhi ya data za utafutaji wapewe washindani hao, ila malipo yenyewe akayaacha. Hapo sikubaliani naye hata kidogo, kwa sababu fedha ndiyo iliyofanya kazi yote.

Agizo la data naliunga mkono. Wapo wanaodai kwamba ukimlazimisha mkubwa kufungua mlango, biashara yake itakufa. Sisi Tanzania tumeona vingine: kampuni za simu zilianza mwaka 2014 kuruhusu pesa kutumwa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, Vodacom ikajiunga 2016, na M-Pesa yake ipo hadi leo. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo haimwadhibu mtu kwa kutawala soko. Inamwadhibu anapoitumia nguvu hiyo kuua ushindani, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kumfuatilia.

Marufuku ya Jaji Mehta inaigusa pia Gemini, programu ya akili mnemba ya Google. Vijana wangu, hapo ndipo pa kutazama sasa, kwa kuwa nafasi ya kwanza kwenye simu inaanza kugombewa upya.