Majengo ni mengi: jinsi ya kuipa jina makala ya kamusi elezo

Tangu tuanze kuwahamasisha wakazi wa Dodoma waandike habari za kata zao katika Wikipedia ya Kiswahili, dawati letu la marejeo linapokea lalamiko lilelile: "Makala yangu imebadilishwa jina." Mara nyingi imebadilishwa kwa haki.

Chamwino ni wilaya, ila pia ni kata ndani ya Jiji la Dodoma, na wengi wakilisikia jina hilo huwaza Ikulu. Chang'ombe ipo hapa na Temeke ipo. Majengo ipo hapa, Moshi ipo, na kwingineko.

Jina tupu, lisilo na mabano, hupewa kile ambacho wasomaji wengi wanakitafuta. Halipewi aliyetangulia kuandika, wala chenye ukubwa wa kiutawala. Kilimanjaro ni mkoa, lakini mtu akiitaja hivihivi anamaanisha mlima; mkoa utaitwa "Mkoa wa Kilimanjaro" na hakuna aliyedharauliwa. Pasipo na anayewazidi wenzake, jina tupu huwa ukurasa wa maana, yaani orodha fupi ya kumwelekeza msomaji, kisha kila kata ipewe mabano yake: Majengo (Dodoma), Majengo (Moshi).

Kelele kubwa ni za Kigogo. Wapo wanaoona ni dharau lugha ya Wagogo kugombea jina na kata ya Kinondoni. Jamani, mabano si cheo! Wasipokubaliana, itakuwa "Kigogo (lugha)" na "Kigogo (Kinondoni)", maisha yaendelee.

Epuka pia hadhi zinazobadilika. Dodoma ilikuwa manispaa hadi Aprili 2018 ilipofanywa jiji. Kichwa "Dodoma (manispaa)" kingechakaa siku hiyohiyo, ilhali "Dodoma (mji)" kingedumu.

Sasa utaratibu, na hapa tunaomba umakini. Toa hoja kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano na uwape wengine nafasi ya kujibu. Mkikubaliana, tumia amri ya kuhamisha, ndiyo inayobadilisha jina la makala. Usinakili maandishi na kuyabandika kwenye ukurasa mpya: historia ya uhariri hubaki kule nyuma, na leseni ya Wikipedia inataka waandishi wote watambuliwe. Akaunti iliyofunguliwa jana haitakuwa na amri hiyo. Omba mhariri mzoefu akusaidie. Anayerudisha jina analolitaka kila linapobadilishwa, mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) anaweza kuufunga ukurasa usihamishwe tena, au kuizuia akaunti yake kuhariri, kwa muda au moja kwa moja.

Baada ya kuhamisha, fungua "Viungo viungavyo ukurasa huu" urekebishe makala zinazotaja jina la zamani. Jina hilo likishageuzwa kuwa ukurasa wa maana, viungo vyote ulivyoviacha vitamfikisha msomaji kwenye orodha ya kina Majengo, si kwenye kata yako.