Kwa nini rangi nyekundu ilimponya panya lakini ikashindwa ndani ya neli ya majaribio?

Mnamo Desemba 1932, katika maabara ya Bayer mjini Elberfeld, Ujerumani, daktari Gerhard Domagk aliwaambukiza panya bakteria hatari wa aina ya streptokoka, kisha akawapa baadhi yao rangi nyekundu iliyoundwa na wanakemia Josef Klarer na Fritz Mietzsch. Waliopewa walipona, wenzao wakafa. Rangi hiyo, iliyokuja kuuzwa kwa jina la Prontosil, ilitangazwa rasmi Februari 1935. Hata hivyo, ilipotiwa kwenye neli yenye bakteria wa aina ileile, bakteria waliendelea kuongezeka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba Prontosil ilitibu kwa sababu ilikuwa rangi: iliwang'ang'ania bakteria kama inavyong'ang'ania uzi, ikawamaliza. Wazo hili lilikuwa na msingi wake. Mwanasayansi wa Ujerumani Paul Ehrlich alikuwa ameonyesha miaka mingi kabla kwamba baadhi ya rangi huwashika vijidudu na kuziacha tishu zinazowazunguka, na akatumaini kwamba kinachomshika kijidudu kingeweza pia kumuua. Hata kikundi cha atomi kiitwacho sulfonamidi kilichopachikwa kwenye Prontosil kilitoka katika sayansi ya rangi, kwa kuwa kilijulikana kuifanya rangi ishike sufu vizuri zaidi. Lakini kama uwekundu ndio ungekuwa dawa, basi neli ndiyo ingekuwa mahali pake pazuri kuliko pote, maana humo rangi na bakteria hukutana ana kwa ana, bila ini, damu wala figo kati yao. Kushindwa kwake humo kunaonyesha kwamba uwekundu wenyewe haukuwa dawa.

Prontosil ni rangi ya azo. Katika kila rangi ya jamii hii zimo atomi mbili za nitrojeni zilizounganishwa kwa kifungo maradufu, na kila upande zimeshika, kwa kawaida, pete ya kaboni. Elektroni husambaa kupitia daraja hilo kutoka pete moja hadi nyingine na kufyonza sehemu ya mwanga, nasi tunaona iliyobaki: manjano, chungwa au nyekundu. Daraja hilohilo ndilo sehemu dhaifu ya molekuli. Likipata elektroni na haidrojeni za kutosha hukatika, na rangi hutoweka. Ukitia kidogo sodiamu dithionaiti, kemikali inayotoa elektroni kwa urahisi, katika maji yaliyotiwa rangi ya namna hii, uwekundu hufifia mbele ya macho yako.

Ndivyo ilivyotokea ndani ya panya. Ukitumbukiza nazi nzima kwenye chungu cha maharage, utachemsha kutwa na hutapata tui, kwa sababu tui halipatikani mpaka nazi ivunjwe, ikunwe na kukamuliwa. Neli ya Domagk ilikuwa chungu chenye nazi nzima. Katika mwili wa panya walikuwamo wavunjaji, yaani vimeng'enya vya ini na bakteria wa kawaida wa utumbo, waliolikata daraja la azo na kuachilia nusu moja iitwayo sulfanilamidi. Mwaka huohuo wa 1935, Jacques na Thérèse Tréfouël, Federico Nitti na Daniel Bovet wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walionyesha kwamba nusu hiyo, unga mweupe usio na rangi hata chembe, ndiyo dawa. Paul Gelmo alikuwa ameiunda mjini Vienna tangu 1908.

Sulfanilamidi hufanana mno na asidi ya para-aminobenzoiki, ambayo bakteria huihitaji ili kujitengenezea foleti, aina ya vitamini B. Kimeng'enya chao huipokea kimakosa, na utengenezaji unakwama. Sisi hupata foleti kutoka kwenye chakula, kwa hiyo hatuumizwi kwa njia hiyo. Hapa tuwe waangalifu: dawa za salfa, yaani sulfanilamidi na jamaa zake, kwa kawaida huwazuia bakteria wasiongezeke tu, na kinga ya mwili ndiyo inayowamaliza.

Njia hiyo bado inatumika kwetu. Vile vidonge vitatu vya SP, dawa ya kuzuia malaria, ambavyo mjamzito humeza kliniki mbele ya muuguzi vina salfadoksini, inayokwamisha foleti ya vimelea vya malaria, ingawa usugu wa vimelea umeidhoofisha sana Afrika Mashariki.

Wala si kila kukatika kwa azo huleta heri. Rangi ya Congo Red ikikatika hutoa benzidini, inayosababisha saratani ya kibofu, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku nguo zenye rangi za azo zinazoweza kutoa kemikali za aina hiyo. Kwa upande mwingine, daktari Nanna Svartz wa Sweden alilitumia daraja hilo kwa makusudi katika salfasalazini, dawa ya baridi yabisi na vidonda vya utumbo mpana. Sehemu kubwa yake hupita tumboni ikiwa nzima, ikiwa bado na rangi yake ya manjano inayoelekea chungwa, hadi bakteria wa utumbo mpana waikate palepale penye vidonda.