Je, wajua kwamba asidi ya zabibu ina mkono wa kulia na wa kushoto?

Chupa ya mvinyo wa Dodoma ikikaa sana kwenye friji, huweza kuota chembe zinazong'aa kitakoni. Wapo wanaodhani ni vipande vya glasi, wakaumwaga mvinyo wote. Si glasi. Ni chumvi ya asidi ya tartari, na imetoka kwenye zabibu zenyewe, hizi za Hombolo na Makutupora tunazovuna mara mbili kwa mwaka.

Asidi hiyo ina tabia ya ajabu. Chuja mwanga utikisike katika mwelekeo mmoja tu, kisha uupitishe kwenye maji yenye asidi hiyo: mwelekeo huo wa mtikisiko utageuka kuelekea kulia. Lakini huko Ufaransa kiwandani ilipatikana asidi nyingine, yenye elementi zilezile kwa viwango vilevile, na mwanga ukaipita bila kugeuka hata kidogo.

Mwaka 1848 Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, aligandisha chumvi ya asidi hiyo ya pili ikawa fuwele, akazitazama kwa lenzi. Kila moja ilikuwa na kijipembe kilichokatwa, nyingine kulia, nyingine kushoto, kama kandambili za jozi moja. Akashika kibano, akazichambua moja moja kama mtu achambuaye mchele kwenye ungo: za kulia huku, za kushoto kule. Akayeyusha kila fungu peke yake. La kwanza likageuza mwanga kulia, la pili kushoto kwa kiasi kilekile. Yakichanganywa, yanafutana. Sijaona jaribio la kemia linalonivutia kuliko hili: jicho, kibano na subira.

Hata baridi ilimsaidia. Fuwele hizo hujitenga hivyo pasipo joto kali. Likipita nyuzi 28 hivi, kulia na kushoto hujifunga ndani ya fuwele moja. Mchana wa Oktoba hapa Dodoma asingeona kitu.

Sababu yenyewe ilielezwa mwaka 1874 na wanakemia van 't Hoff na Le Bel, kila mtu kwa njia yake. Atomu ya kaboni hushika vitu vinne vinavyoelekea pembe nne. Vyote vikiwa tofauti, kuna namna mbili za kuvipanga, moja ikiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo. Zigeuze utakavyo, hazilingani, kama kandambili ya kushoto isivyokubali mguu wa kulia.

Na pua yako inazitambua. Molekuli iitwayo karvoni, ya mkono mmoja hunukia mnanaa, ya mkono wa pili hunukia kisibiti, kwa kuwa vipokezi vya harufu navyo vina mkono wao.