Je, wajua kwa nini mvuke wa mkaratusi huifanya pua ihisi imefunguka?

Chuma jani moja la mkaratusi, lielekeze juani, kisha litazame kwa karibu. Utaona vitone vidogo vingi vinavyopitisha mwanga, kana kwamba mtu amelitoboatoboa kwa sindano nyembamba. Kila kitone ni kifuko cha mafuta, na ukilivunja jani hilo vifuko vinapasuka na kutoa harufu kali inayopanda puani mara moja. Ndiyo harufu inayojaa chumbani pale mgonjwa wa mafua anapofunikwa blanketi mbele ya sufuria ya majani yaliyochemshwa, tiba ambayo wengi huiita kujifukiza na Watanzania wengine huiita kupiga nyungu. Baada ya dakika chache mgonjwa hutoka akivuja jasho na kusema kwamba pua imefunguka, anapumua vizuri. Swali la kujiuliza ni kama pua hiyo imefunguka kweli.

Kinachofanya kazi kubwa ndani ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo sineoli, ambayo pia hujulikana kama yukaliptoli. Mafuta ya mkaratusi yanayokubalika kutumika kama dawa hutakiwa kuwa na sineoli isiyopungua asilimia 70. Sineoli huyeyuka hewani kwa urahisi, na ndiyo maana joto kidogo tu la maji linatosha kuitoa kwenye majani na kuifikisha puani.

Mwaka 1983 wachunguzi wa Cardiff, nchini Wales, walipima upitaji wa hewa katika pua za watu waliovuta mvuke wa mkaratusi, wa kafuri na wa mentoli. Watu hao walisema kwamba hewa inapita vizuri zaidi, lakini vipimo vilionyesha kuwa njia ya pua haikupanuka. Maelezo ya jambo hilo yalipatikana vizuri mwaka 2002, wakati kundi la mwanasayansi David Julius wa California lilipotambua kipokezi cha neva kinachohisi baridi, likaonyesha kuwa kipokezi hicho huamshwa pia na mentoli na yukaliptoli. Kazi yake juu ya vipokezi vya joto na baridi ilimpatia Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Maana yake ni kwamba sineoli inapogusa ndani ya pua, ubongo hupokea taarifa ya ubaridi, na ubaridi huo huutafsiri kuwa hewa nyingi inapita. Hiyo ni nafuu, na mtu aliyekesha kwa sababu ya pua iliyoziba ana haki ya kuifurahia, ila asidhani kwamba ugonjwa wenyewe umeondoka. Hata mvuke mtupu wa maji moto, ulipochunguzwa kwa wagonjwa wa mafua, haujathibitika kuyafupisha.

Je, mkaratusi hauna faida zaidi ya hisia hiyo? Unayo, lakini ushahidi wake mzuri haukutokana na sufuria. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 32 wa pumu kali ambao walikuwa hawawezi kuishi bila vidonge vya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Kwa wiki 12 nusu yao walipewa miligramu 200 za sineoli safi mara 3 kwa siku, na nusu nyingine walipewa vidonge visivyo na dawa ndani, ili kulinganisha. Waliopewa sineoli waliweza kupunguza steroidi kwa wastani wa asilimia 36, ilhali wenzao walipunguza kwa asilimia 7 tu. Mwaka 2009 utafiti mwingine wa nchi hiyo, uliohusisha wagonjwa 242 wa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa mapafuni, ulionyesha kuwa waliotumia sineoli pamoja na dawa zao za kawaida walizidiwa na ugonjwa mara chache kuliko wenzao wasioitumia. Sineoli hupunguza uvimbe kwenye njia za hewa na hufanya makohozi yawe mepesi kutoka. Ni lazima nisisitize kwamba wagonjwa hao walimeza vidonge vya kiwandani vyenye kipimo kinachojulikana, chini ya uangalizi wa daktari, wala hawakunywa mafuta ya kwenye kichupa.

Liko jambo jingine ambalo ni nadra kuelezwa, nalo ni kwamba mkaratusi si mti mmoja. Kuna aina zaidi ya 700, karibu zote asili yake ni Australia, na mafuta yake hayafanani. Dawa hutengenezwa hasa kutokana na aina kama Eucalyptus globulus, ambayo majani yake machanga ni ya duara, ya rangi ya samawati na yenye utando mithili ya nta, kisha mti ukikomaa huwa marefu na yaliyopinda kama mundu. Lakini Afrika Mashariki mikaratusi, au milingoti kama wengine waiitavyo, ilipandwa kwa ajili ya kuni, nguzo na mbao. Nchini Kenya ililetwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata kuni za garimoshi za reli ya Uganda. Mojawapo ya aina zinazopandwa sana kwa kazi hizo ni Eucalyptus grandis, ambayo ina sineoli kidogo. Kwa hiyo majani ya shambani kwa jirani yanaweza kuwa na harufu nzuri na bado yasiwe na dawa iliyomo kwenye kichupa cha duka la dawa. Ule mkaratusi unaonukia kama mchaichai nao una mafuta ya namna nyingine kabisa. Kutokana na mafuta hayo hutengenezwa dawa ya kufukuza mbu inayokubaliwa na mamlaka za afya za Marekani, ingawa haishauriwi kwa watoto walio chini ya miaka 3. Kusugua majani mabichi mwilini hakutoi kinga hiyo, na chandarua kibaki mahali pake.

Sasa tuje kwenye hatari, ambayo binafsi naiona inapuuzwa mno kwa sababu ya imani kwamba kitu cha asili hakidhuru. Sineoli ikimezwa kwa wingi hulemaza ubongo. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kinaweza kumlaza mtoto mdogo bila fahamu au kumletea degedege. Katika hospitali moja ya watoto mjini Melbourne, Australia, kati ya mwaka 1981 na 1992, walilazwa watoto 109 waliokunywa mafuta haya, wengi wao wakiwa wameyapata kwenye vyombo vya kufukizia vilivyowekwa chumbani ili kuwatibu mafua. Koala, mnyama wa Australia anayeishi kwa majani ya mkaratusi, ana ini lenye vimeng'enya vingi vya kuivunja sumu hiyo. Mtoto wa binadamu hana ini la namna hiyo.

Kwa mtu mzima anayetaka kujifukiza, konzi moja ya majani inatosha. Maji yakishachemka, sufuria iepuliwe, iwekwe mahali palipo imara na iachwe dakika chache mvuke upungue ukali, kisha ajifunike taulo, afumbe macho na avute hewa taratibu kwa dakika 5 hadi 10. Mtoto asiingizwe chini ya blanketi, kwani maji yanayomwagika humuunguza vibaya. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na harufu yenyewe, na mwenye kifafa ni heri aache kabisa. Mafuta ya kichupa yasipakwe ngozini yakiwa matupu: matone 12 katika mililita 30 za mafuta ya nazi yanatosha kwa kifua na mgongo wa mtu mzima, baada ya kujaribiwa kwanza sehemu ndogo ya mkono. Watoto walio chini ya miezi 30 wasipakwe, na kwa mtoto yeyote yasikaribie pua wala uso, maana koo linaweza kujibana ghafla. Mjamzito na anayenyonyesha wamuulize mhudumu wa afya kabla ya kuyatumia.

Iwapo mtoto ameyanywa, asitapishwe, kwa kuwa mafuta yakiingia mapafuni madhara huongezeka. Dalili kama kikohozi, kutapika, kuyumba na usingizi mzito mara nyingi huanza ndani ya dakika 30, ingawa huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hivyo apelekwe hospitali mara moja hata kama bado anacheza, na kichupa kiende naye ili daktari aone kilichonywewa na kukadiria kiasi.