Pointi za mwenzako si GPA yako: kwa matabibu wanaoomba kusomea udaktari

Matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, maswali yanayofika kwenye dawati letu la udahili hubadilika. Kabla ya hapo tabibu mwenye stashahada aliyekaa kazini miaka minane anauliza vyeti viambatanishwe vipi. Baada ya hapo anauliza kama kuna haja ya kuomba. Kilichotokea katikati kinajulikana: kijana wa jirani ametuma matokeo yake kwenye kundi la WhatsApp, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), Divisheni Wani ya pointi 3. Tabibu wetu ana miaka 34, watoto wawili na GPA, yaani wastani wa alama za stashahada, ya 3.8. Anaanza kupiga hesabu, na anapiga vibaya.

Pointi 3 za kwenye matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, ni za kupanga divisheni: A ni 1, B ni 2, C ni 3, na pointi zikipungua ndiyo ufaulu unapanda. Pointi zinazotajwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, zinakwenda kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa masomo matatu yaliyofaulu kwa kiwango cha A hadi E, toa pointi za NECTA kwenye 18 utapata za TCU. Kijana wa pointi 3 ana 15. Kiwango cha chini cha pointi 6 kwa udaktari ni sawa na D tatu, yaani Divisheni Tuu ya pointi 12. Tumeshawaona wenye D tatu waliokata tamaa kwa sababu ya makundi hayo ya WhatsApp, na wenye pointi 6 za NECTA, yaani B tatu, waliodhani wamepita kwa kuchungulia tundu la sindano.

Sasa wewe mwenye stashahada humo hata humo kwenye pointi hizo. Stashahada yako ya utabibu ina mizani yake, ambayo mwisho wake ni 5.0, na sifa ya kuingilia ni wastani wa B au GPA isiyopungua 3.5. Hakuna kanuni ya kuigeuza 3.8 kuwa pointi za kidato cha sita, na anayekuambia ipo amuulize aliyemwambia. TCU hutoa vitabu viwili vya mwongozo kila mwaka, kimoja cha wenye sifa za sekondari na kingine cha wenye stashahada na sifa linganishi. Soma chako, cha mwaka huu, kwa sababu vigezo hurekebishwa na chuo kinaweza kuweka masharti yake ya ziada.

Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi hujipima kwa watu wanaofanana naye. Kinachotushangaza sisi ni kwamba hapa kipimo kipo, kimechapishwa, kinapatikana bure, na bado watu wanakiacha kwenda kupimana kwenye simu.

Kinachowaangusha matabibu wengi si GPA wala umri. Ni kidato cha nne. Unatakiwa uwe na angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Mwenye GPA ya 4.6 na F ya Hisabati hana sifa, na mwenye 3.5 na D zote tano anayo. Hiyo F hairekebishwi kwa barua ya mganga mfawidhi. Inarekebishwa kwa kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na usajili wake una tarehe zake.

Lipo pia kundi linalojilinganisha kwa kushuka chini: "Hawa watoto hawajashika hata sindano, mimi nimezalisha usiku kwa taa ya simu." Tunaamini. Uzoefu huo utakubeba utakapoingia wodini mwaka wa tatu. Kwenye fomu ya maombi hauna kisanduku.

AVN, ile namba ya uhakiki wa stashahada kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, iombwe mapema. Hakikisha jina la cheti cha kidato cha nne ndilo la stashahada, herufi kwa herufi. Akina mama waliobadili jina baada ya ndoa waandae hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kiapo cha wakili peke yake mara nyingi hakitoshi. Kwa AVN chuo kinaona matokeo yako kama yalivyo NACTVET, kwa hiyo anayeongeza GPA kwenye nakala ili alingane na wenzake anajichimbia kaburi. Kughushi, kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, adhabu yake ya jumla ni kifungo cha hadi miaka saba. Atakayegundulika akiwa mwaka wa nne anaondolewa vilevile. Uhakiki wa mwaka 2017 uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na baadhi yao walikuwa wamekaa kazini miaka mingi.

Jambo la mwisho linatuchosha kuliko yote. Aliyedahiliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe usipofika, ingia kwenye akaunti yako katika chuo kimojawapo kilichokudahili uombe utumiwe tena. Kila mwaka wapo wanaoipata namba hiyo wakaikalia, kwa sababu mwenzao wa darasa la stashahada amepata Muhimbili na wao wamepata Mwanza au Moshi, kana kwamba miaka mitano ya masomo na mmoja wa mafunzo kazini hupungua ukibadilisha mkoa. Siku zinapita, muda wa kuthibitisha unafungwa. Wiki inayofuata mtu anapanga foleni kwetu na bahasha ya kaki, na tunachoweza kumwonyesha ni awamu inayofuata, kama ipo, na nafasi zilizobaki.