Mbu kukutwa na virusi haimaanishi anaeneza ugonjwa

Jamani hii sasa imezidi. Watafiti wakitoa tu majibu ya mbu, mitandaoni yanageuka "mbu fulani anaeneza ugonjwa fulani", wakati kilichopimwa ni kitu kingine kabisa.

Kupima virusi kwa mbu wa porini ni hivi: wanategwa, wanatenganishwa kwa aina na mahali walipotegwa, wanasagwa kwa makundi, mara nyingi wasiozidi 50, halafu kila kundi linapimwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi. Kundi likiwa chanya maana yake angalau mbu mmoja mle alikuwa na virusi, siyo wote 50. Basi.

Sasa hapa ndo watu wanapochanganya. Mbu jike akinyonya damu ya mgonjwa, virusi vinaingia tumboni na ile damu, ukimsaga siku hiyohiyo PCR inaviona tu. Lakini ili aambukize mtu mwingine lazima virusi vipenye ukuta wa utumbo, vizaliane, vifike kwenye tezi za mate, maana mbu akiuma anaingiza mate, hatapiki damu aliyokunywa jana. Virusi vya homa ya dengi ndani ya Aedes aegypti, mbu anayeieneza, vinachukua kama siku 8 hadi 12, kutegemea na joto, na mbu wengi wanakufa kabla. Vya Ukimwi ndo kabisa, vinameng'enywa pamoja na ile damu, vinaishia hapohapo.

Kwahiyo wanaofanya kazi hii kwa makini wanawaweka pembeni mbu wenye damu tumboni, wengine wanapima miguu peke yake (virusi vikiwa miguuni ujue vimeshavuka utumbo), au mate. Na kuna majibu yenye uzito wa pekee: miaka ya 1980 huko Kenya virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaopata na watu, vilipatikana kwa mbu waliokuzwa kutoka viluwiluwi na mabuu waliochotwa porini, wakiwemo madume, na dume hanyonyi damu kabisa! Hapo huwezi kusingizia damu ya ng'ombe, vilitoka kwa mama kupitia mayai, na mayai hayo yanakaa kwenye udongo mkavu mpaka mvua kubwa ije.

Siyo kwamba chanya haina maana, inaonyesha virusi vinazunguka eneo lile na hospitali zikae macho. Ila ukiandika "wamekutwa na virusi" umeandika sawa, ukiandika "wanaeneza" kabla mate hayajapimwa umeruka hatua.