Kujifunza kwa sauti katika udaktari: maana yake na mipaka yake

Kujifunza kwa sauti ni kupata maarifa ya tiba kwa kusikiliza rekodi: muhadhara, podikasti ya mabingwa wawili wakijadili mgonjwa, muhtasari wa makala ya jarida, au hata mapigo ya moyo yenyewe. Msikilizaji ndiye anayechagua saa na mahali, na mara nyingi mikono na macho yake yana shughuli nyingine.

Wengi hudhani jambo hili limekuja na simu janja. Huko California, Marekani, shirika la Audio-Digest lilianza kuwapelekea madaktari mihadhara na muhtasari wa majarida kwenye tepu tangu miaka ya 1950, kabla Philips hawajatoa kaseti mwaka 1963. Siku hizi podikasti kama The Curbsiders zinafanya kazi ileile kwa daktari aliyekwama kwenye foleni au intern, yaani daktari aliye kwenye mafunzo kazini, aliyetoka zamu ya usiku.

Sikio linafaa hasa kwa kufuata fikra. Ukimsikia bingwa akieleza ni kipi kilimfanya aache kufikiria nimonia na kuanza kushuku damu iliyoganda kwenye mapafu, unapata kile ambacho kitabu hakionyeshi: namna daktari anavyobadili mawazo. Linafaa pia kurudia somo ulilokwisha lisoma.

Halafu yapo magonjwa ambayo sauti ndiyo somo lenyewe. Chukua kusinyaa kwa vali ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, tatizo linaloachwa na homa ya baridi yabisi na ambalo bado linawapata vijana wengi Afrika Mashariki. Mlio wake ni mzito na wa chini, kama ngurumo ya mbali, na husikika moyo unapojaa damu, mgonjwa akiwa amelala ubavu wa kushoto. Maelezo hayo unaweza kuyakariri ukafaulu mtihani, kisha ukaupita mlio huo wodini bila kuutambua. Rekodi ukiisikiliza mara nyingi hulizoesha sikio. Ila tumia vipokea sauti vya masikioni. Spika ya simu haitoi vizuri milio ya chini namna hiyo, na utabaki unashangaa mbona husikii kitu.

Picha za eksirei, mistari ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na anatomia ya mara ya kwanza, hayo ni ya macho. Dozi nazo ni za kusoma. Artesuneti ya sindano kwa malaria kali hutolewa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, lakini mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Tofauti ndogo kama hiyo hupotea kirahisi honi ya bodaboda ikipiga. Isitoshe, rekodi nyingi ni za Kiingereza, lugha ambayo 15 na 50 hukaribiana sana sikioni, tofauti na kumi na tano na hamsini zetu.

Kuna mtego mwingine, nao ndio mkubwa: sauti tamu humfanya mtu ajione ameelewa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kuwa wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma, ingawa hao waliorudia ndio waliojiamini zaidi. Utafiti ule ulihusu maandishi, lakini sioni kwa nini sikio lisamehewe. Mtangazaji akiuliza, "Ungeagiza kipimo gani?", simamisha rekodi ujibu kwanza, kwa sauti kama uko peke yako. Kusikiliza kwa kasi maradufu bila kusimama ni burudani tu, na burudani si dhambi baada ya zamu.

Podikasti nyingi pia hutoka kwenye hospitali ambako CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, inapatikana usiku na mchana, na malaria ni ugonjwa wa msafiri. Kabla hujabadili tiba ya mgonjwa kwa sababu ya ulichosikia, fungua mwongozo wa tiba wa nchi yako, kisha uulize famasi kama dawa hiyo ipo.